Sentensi Isiyo na Nukta

Ilikuwa mwaka wa 2013, mwishoni mwa majira ya mvua, siku ya kumi tangu Mkaguzi alipomvua mtaalamu wa maabara koti lake jeupe mbele ya foleni ya wagonjwa.

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minne. Bodi ya hospitali ilikuwa imemtuma kuchunguza jambo moja tu: kwa nini idara ya dharura ilimtoa damu kila aliyeingia mlangoni mwake, awe amevunjika mguu au ameumwa na nyuki. Wauguzi walimwita Bi Rula, naye alijua. Siku ya kwanza, kabla ya chakula cha mchana, alikuwa tayari na jibu. Vipimo vilikuwa vimeongezeka mara nne kuanzia wiki ileile ambayo mtaalamu mpya wa maabara aliajiriwa. Na ukutani, juu ya meza ya mapokezi, ilining'inia saa kubwa yenye jina la kampuni inayouza vitendanishi vya kupimia damu. Mtu ameingia, vipimo vimepanda, saa ya muuzaji iko ukutani. Akamtaka mtaalamu atoe funguo, akamtaka avue koti, na akatamka kwa sauti iliyofika benchi la mwisho kwamba hospitali si duka na damu ya watu si bidhaa. Kisha akaizungushia saa utepe mwekundu na kuandika juu yake kwa mkono wake mwenyewe: KIELELEZO. ISIGUSWE.

Kikao cha kumfukuza mtaalamu huyo, ambaye wenzake walimwita Matone, kilipangwa saa nane mchana wa siku hiyo ya kumi. Mkaguzi alifika saa tatu asubuhi, kwa sababu siku nne kabla kulikuwa kumeumia mtu, na Matone hakuwapo.

"Kaa, Bi Mkaguzi," alisema Muuguzi Mkuu.

"Nitasimama."

"Basi na mimi nisimame, tusije tukaonekana mmoja wetu anasomewa hukumu." Muuguzi Mkuu alikuwa mwanamke mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, na alizungumza huku akikunja bandeji. "Ni habari za fundi seremala, sivyo?"

"Alikuja na nini?"

"Kidole gumba. Patasi ilimteleza."

"Kidole hicho kilihitaji nini?"

"Kuoshwa, nyuzi tatu, na sindano ya pepopunda. Nusu saa, na chai angeinywa kwake."

"Amekaa muda gani?"

"Yupo mpaka sasa. Wodi ya mifupa, kitanda cha sita."

Mkaguzi aliandika. "Nani aliagiza atolewe damu?"

"Hakuna aliyeagiza. Wote hupimwa."

"Hupimwa kwa amri ya nani?"

"Mimi nilihamia hapa mwaka jana, nikakuta hivyo. Aliyenielekeza alinitangulia wiki mbili, naye alikuta hivyo."

Daktari wa zamu aliitwa. Aliingia akiwa bado ana glavu moja mkononi, akaivua polepole kuliko ilivyohitajika.

"Majibu yalionyesha potasiamu iko juu sana," alisema. "Potasiamu ikipanda kiasi kile, moyo unaweza kusimama. Nikampa insulini na maji ya sukari ili ishuke. Sukari ya mwili nayo ikashuka mno. Akainuka kwenda msalani, akaanguka. Nyonga ikavunjika."

"Na potasiamu?"

"Tulirudia kipimo jioni. Haikuwa juu. Haikuwahi kuwa juu. Damu ya kwanza ilikaa kwenye kichupa muda mrefu ikavunjika, na damu iliyovunjika hutoa namba ya uongo."

"Moyo wake ulikuwa na dalili yoyote?"

"Hapana."

"Kwa hiyo ulitibu nini?"

Daktari aliitazama glavu. "Karatasi," alisema. "Nilitibu karatasi, mama. Mgonjwa mwenyewe alikuwa amekaa pale, ananiuliza lini atarudi kazini."

"Kwa nini hukukataa kumpima tangu mwanzo?"

"Mgonjwa akitoka hapa bila kutobolewa anaona hakuhudumiwa. Na sisi tulishazoea. Mtu akishaamriwa, kufikiri anaona ni kazi ya ziada."

"Umeamriwa na nani?"

Daktari alimtazama Muuguzi Mkuu. Muuguzi Mkuu alikunja bandeji nyingine.

Mkaguzi aliomba daftari la maabara. Alilipekua kurudi nyuma kutoka siku ya seremala. Hadi siku ya kwanza ya ukaguzi, mwandiko ulikuwa wa Matone, mdogo, ulionyooka. Na kila baada ya kurasa mbili tatu, kwa wino mwekundu, yalikuwapo maneno yaleyale: *Damu imevunjika. Irudiwe.* Katika mwezi mmoja alihesabu mara kumi na moja. Baada ya siku ile mwandiko ulibadilika, na wino mwekundu haukuonekana tena.

"Anayeshika zamu yake sasa ni nani?"

"Tunapokezana," alisema Muuguzi Mkuu. "Wewe ulichukua funguo na mwenye macho. Mashine ulituachia."

Mkaguzi hakuandika hilo. Alifunga daftari, akalifungua tena palepale.

"Nipe daftari la mapokezi. La mwaka huu na la mwaka jana."

La mwaka huu lilikuwa mezani. La mwaka jana lilitolewa chini ya ngazi, limevimba kwa unyevu. Yote mawili yalikuwa na safu zilezile: jina, umri, shida, na ya mwisho, iliyoandikwa *Kapimwa*. Katika daftari la mwaka huu, chini ya *Kapimwa*, kila mstari ulikuwa na alama ya vema. Katika la zamani, kurasa za mwanzo, hapakuwa na vema hata moja. Palikuwa na namba: 61, 74, 58, 8.

"Labda ni idadi ya vipimo," alisema Muuguzi Mkuu, akichungulia begani mwake.

"Vipimo sabini na vinne, kwa mtu aliyeteguka kifundo cha mguu?"

"Ni wengi, kweli."

"Na huyu mwenye nane ana umri gani?"

"Miezi saba."

Mkaguzi alifuata majina kwa ncha ya kalamu. Mama mjamzito mmoja alikuwa amekuja mara tatu katika miezi minne. Mara ya kwanza aliandikiwa 66, ya pili 69, ya tatu 72.

"Huyu anaongezeka," alisema Muuguzi Mkuu. Kisha mikono yake iliacha kukunja bandeji. "Hizo ni kilo."

"Ni kilo. Mizani iko wapi?"

Ilikuwa nyuma ya mlango. Juu yake walikuwa wamepanga maboksi ya glavu kufika kifuani mwa mtu, na mshale wake ulikuwa unaonyesha kwa uaminifu kabisa uzito wa glavu. Mkaguzi aliyashusha maboksi, akapanda. Mshale ulisimama kwenye sitini na tatu.

"Nzima," alisema Muuguzi Mkuu. "Mwaka mzima tunakisia dozi za watoto kwa macho, na mizani imefanywa kabati!"

Mkaguzi alirudi kwenye daftari la zamani, akatafuta mahali ambapo namba zilikoma. Zilikoma katikati ya mvua za mwaka uliopita, miezi kumi na mitatu nyuma. Kwa siku nne namba na vema vilichanganyika. Siku ya tano zilibaki vema tupu. Matone alikuwa ameanza kazi siku ya pili ya siku hizo. Hakuleta kitu; alikikuta kinaingia.

Alitoa daftari lake mwenyewe mkobani, akafungua ukurasa wa mahojiano ya kwanza. Swali lake lilikuwa: *Uliuliza nani kaamuru?* Jibu la Matone: *Niliuliza, nikaambiwa nisome ukuta.* Pembeni ya jibu hilo alikuwa ameandika neno moja, akalipigia mstari: *Kejeli.* Ndani ya jalada zilikuwapo barua mbili ambazo Matone aliuandikia utawala kulalamika kwamba vipimo vimezidi. Pembeni ya barua hizo nako alikuwa ameandika: *Kujikinga.*

Akatoka kwenda mapokezi kusoma ukuta.

Ulikuwa umeandikwa kwa rangi ya buluu, kwa mkono mmoja, herufi zimesimama wima kama wanafunzi kwenye gwaride. Karibu na mlango: VIATU VYENYE TOPE VIFUTWE. Karibu na beseni: USITEME MATE HAPA. Penye kiti cha mwisho: ANAYEHARISHA ASEME MAPEMA. Kila sentensi ilifungwa kwa nukta nene kama kifungo cha koti. Juu ya meza, kwa herufi kubwa kuliko zote, ilikuwapo ya nne: KILA MGONJWA APIMWE. Baada ya hapo ilifuata saa, ndani ya utepe wake mwekundu.

"Nani aliandika haya?"

"Sista wa zamani. Amestaafu kabla yangu. Wanasema alikuwa akikurudishia ripoti nzima kwa sababu ya koma."

"Soma hii ya nne."

"Kila mgonjwa apimwe."

"Mwisho wake kuna nini?"

"Saa."

"Nukta iko wapi?"

Muuguzi Mkuu alitazama mlangoni, akatazama beseni, akatazama kiti cha mwisho. Akarudi kwenye saa. "Haipo."

"Mtu anayerudisha ripoti kwa sababu ya koma hakuacha sentensi wazi," alisema Mkaguzi. "Niletee ngazi."

"Umeandika isiguswe."

"Naona nilichoandika."

Alipanda vidato vitatu. Utepe ulikuwa umeshika vizuri, ikambidi aukwangue kwa kucha. Saa iliposhuka, iliacha duara jeupe ukutani, na ndani ya duara hilo, kwa rangi ambayo kwa miezi kumi na mitatu jua halikuifikia, palikuwa na neno moja na nukta yake.

UZITO.

Foleni ilinyanyua macho. Mzee mmoja alisoma kwa sauti, "Kila mgonjwa apimwe uzito," akamgeukia jirani yake: "Mbona mimi wamenitoa damu vichupa vitatu?"

Mkaguzi aliigeuza saa. Nyuma palikuwa na karatasi ya kampuni, na juu yake tarehe. Saa ilikuwa imetolewa miaka mitatu kabla Matone hajaajiriwa. Juu ya mlango, kwenye dari, lilikuwapo doa la kahawia, na chini ya doa hilo tundu tupu la msumari.

"Hapo ndipo ilipokuwa," alisema Muuguzi Mkuu. "Paa lilivuja mvua za mwaka jana. Mfagizi akaihamishia kwenye msumari wa karibu, isilowe. Nilimsikia mwenyewe akisimulia, tukamsifu." Alianza kucheka, kicheko kikamkatikia njiani. "Wazee wakahama, tukaja wapya, tukausoma ukuta. Miezi kumi na mitatu tumewatoboa watu kwa sababu ya saa."

"Miezi kumi na mitatu ni ya saa," alisema Mkaguzi. "Siku tisa za mwisho si za saa. Mfagizi angeweza kuishusha wakati wowote aifute vumbi. Mimi niliifunga kwa utepe. Seremala alikuja siku ya sita."

Muuguzi Mkuu alichukua bandeji zake, akaingia ndani.

Mkaguzi alimpigia simu Mwenyekiti wa bodi akiwa amesimama kwenye korido, saa imebanwa kwapani.

"Ripoti yako ya kwanza tunayo," alisema Mwenyekiti. "Imeandikwa vizuri."

"Imeandikwa vizuri, na si kweli."

Alimweleza. Mwenyekiti alikohoa mara mbili.

"Sikiliza, dada yangu. Ongeza ukurasa mmoja. Saa imeshushwa, wauguzi wameelekezwa, bwana huyo amehamishiwa kituo kingine kwa heshima zake. Hizo siku tisa zina faida gani kwa mtu? Nani atauliza?"

"Seremala."

"Seremala hajui."

"Ndiyo sababu napanda kwake sasa hivi."

"Ukisema hivyo utakuwa umejiandikia mwenyewe barua ya kuacha kazi."

"Nitaweka nukta mwisho," alisema Mkaguzi, akakata simu.

Kitanda cha sita kilikuwa kando ya dirisha. Fundi seremala alilala chali, mguu umevutwa kwa kamba na mfuko wa mchanga, kidole gumba chenye nyuzi tatu kimelala juu ya shuka, kinaendelea kupona. Binti yake alikuwa ameketi kando, utepe wa kupimia nguo ukiwa shingoni, kwa kuwa alikuwa fundi cherehani na alikuwa ametoka kazini mbio.

"Shikamoo, bibi," alisema binti kwa ubaridi wa adabu.

"Marahaba. Mzee pole."

"Nishapoa," alisema seremala. "Nilikuja na kidole, nabaki na nyonga. Ningekuja na nyonga sijui ningebaki na nini."

Mkaguzi hakuketi. Alieleza kwa mpangilio: neno, saa, damu iliyovunjika, mtaalamu ambaye angeikataa damu ile, na nani aliyemwondoa mtaalamu huyo. Alipofika kwenye utepe mwekundu sauti yake ilipungua, akalazimika kurudia.

Binti aliushika utepe wake shingoni. "Mimi nikiambiwa nimpime mtu, huuliza: kifua au kiuno? Mtoto aliyeanza kujifunza cherehani jana huuliza. Ninyi mna shahada, na hakuna aliyeuliza apimwe nini?"

"Mmoja aliuliza. Nikamvua koti."

"Na wewe?"

"Mimi sikuuliza. Niliisoma sentensi ile kila siku kwa siku tisa."

Mashine ya jirani ililia, ikanyamaza. Seremala alikuwa akiutazama mguu wake ukining'inia.

"Nina mlango wa watu nimeuacha nusu," alisema. "Miezi mitatu sitasimama. Utanirudishia nyonga?"

"Siwezi. Nimeandika yote haya kwa jina langu na jina lako, na nakala ni hii. Ukishitaki, mimi ni shahidi wako."

Binti aliipokea karatasi, akaanza kuisoma kutoka juu, kidole kikifuata mistari.

"Na yule wa maabara," aliuliza seremala, "ulimvua faraghani?"

"Mbele ya foleni."

"Huyo basi deni lake linalipika. Mbona bado umesimama hapa?"

Saa saba na nusu foleni ya mapokezi ilikuwa imejaa benchi zote. Matone alikuwa ameketi la mwisho, katika shati la mistari, bahasha magotini, akisubiri kuitwa kikaoni. Alikuwa mtu mwembamba wa miaka arobaini, na hakuinuka Mkaguzi alipoingia akiwa na mfuko wa vielelezo.

Mkaguzi alisimama palepale aliposimama siku ya kwanza, kwenye kigae kilichopasuka mbele ya meza.

"Mimi ni Mkaguzi wa bodi," alisema. "Siku kumi zilizopita, mahali hapa, nilimwita mtaalamu wa maabara..."

"Siku ile sauti yako ilifika mpaka huku," alisema Matone kutoka nyuma, bila kupandisha sauti. "Leo sisikii."

Watu waligeuka. Muuguzi Mkuu alitokeza mlangoni, daktari wa zamu nyuma yake. Mkaguzi alianza upya, na safari hii sauti ilifika.

"Siku kumi zilizopita, mahali hapa, nilimshutumu mtaalamu wa maabara kwamba anauza damu yenu. Haikuwa kweli. Alikuwa ameandika barua mbili kuzuia vipimo visivyo na maana, nikazidharau. Alikuwa akiikataa damu iliyoharibika, nikamwondoa. Kwa kumwondoa, mtu ameumia. Kosa ni langu, na mbele ya bodi nitalisema hivihivi."

"Alaa!" alisema mzee wa vichupa vitatu. "Na sisi tulimzomea."

Matone alikuja mbele, akipita katikati ya magoti ya watu. Mkaguzi alimpa funguo. Alizitazama moja moja, akazitia mfukoni. Kisha alimpa koti, lililokunjwa ndani ya mfuko kwa siku kumi na likashika mikunjo kama ya barua. Matone hakulipokea.

"Siku ile ulisimama unanitazama nikivua," alisema. "Vifungo vitano. Mtoto mmoja hapa alikuwa akivihesabu."

Mkaguzi aliweka mfuko chini. Alilikung'uta koti, akalishika penye mabega na kulifungua. Matone aligeuka, akaingiza mkono wa kulia, akaingiza wa kushoto, akamgeukia tena na kusimama wima. Kifungo cha kwanza kilimchukua Mkaguzi muda. Cha pili kikaingia upesi zaidi. Benchi la mbele walikuwa wanahesabu kwa midomo. Alivifunga vyote vitano, akaikunjua kola iliyokuwa imelalia ndani, na akabaki ameinamisha kichwa mpaka Matone alipopita kwenda kufungua maabara.